Bega la Chande na Ufunguo wa Pili

Somoe mwanangu,

Barua za kwetu huanza kwa kusema mimi mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado, uko Harrow na mama yako mnawaaga kina shangazi, na mimi si mzima. Nina hasira. Nimeamka nayo, nimepanga maboksi ghalani zamu nzima nikiwa nayo, nimerudi nayo hapa Hayes, na sasa nimekaa nayo jikoni, kati ya chupa ya chai na hilo kabati lako la bunduki ambalo fundi amelitoa ukutani jana na kuliegemeza kwenye friji. Kesho asubuhi mwalimu wako, Bi Margaret, atakuja na gari lake mlipakie, mwende Scotland mkaanze hiyo kazi ya kupunguza deer, hao ninaowaita mimi kulungu wa Kizungu. Mimi nitabaki na matundu manne ukutani.

Naandika kwa sababu tukizungumza tunagombana. Wewe unaongea haraka, nusu Kiingereza, tena umekaa kushoto kwangu, upande wa sikio lililokufa. Mimi nasikia kipande, najibu hicho kipande, wewe unafunga mlango. Karatasi haina kushoto wala kulia. Najua Kiswahili unakisoma polepole, basi soma polepole. Nitaiacha bahasha juu ya kabati uione ukirudi, na ninataka uisome leo, kabla kabati halijapakiwa.

Sitakuambia uvae soksi mbili, wala usiishi kwa mikate. Hayo mama yako ameshayaandika na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nina jambo jingine. Nitalifikia, usiruke kurasa kulitafuta.

Unajua nilikuwa askari wa wanyamapori Tunduru kabla mama yako hajapata kazi ya unesi huku na kutuvuta sote. Ile picha yangu unaijua: kaptula, kofia, bunduki ya four-five-eight mkononi, kifua mbele kama jogoo. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaionyesha kwa wenzako wa shule. Wewe ulitaka bunduki kwa sababu ya picha ile, usinikatalie, na mimi nilijivuna kimoyomoyo ingawa mdomoni nilipiga kelele. Lakini picha haina sauti.

Kazi yetu ilikuwa kufukuza tembo mashambani, na wanakijiji walikuwa wanaipima kazi yetu kwa masikio. Tembo akiingia kwenye mpunga wa mtu, watu wanataka bunduki ilie mpaka kijiji cha pili. Ukipiga moja, wanauliza mbona moja. Mama mmoja aliniambia mbele ya watu, "Bakari, leo umepiga kama mtu anayekohoa." Nikaona aibu, nikaongeza mbili hewani, na tembo alikuwa ameshaondoka zamani.

Siku moja nilitia pamba masikioni. Kichwa kilikuwa kinaniuma wiki nzima, nikasema nijaribu. Mkubwa wetu, tuliyekuwa tukimwita Afande tu, akaiona. Akanisimamisha mbele ya wenzangu, akaichomoa kwa vidole vyake. "Pamba masikioni huwekewa maiti," akasema. "Wewe umeshakufa?" Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kinachoniudhi mpaka leo, Somoe, ni kwamba nilicheka.

Tangu siku ile sikutia pamba tena, na nilimcheka kila aliyetia. Mtaalamu wa kliniki ya masikio hapa alinichorea kwenye karatasi: ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti, na mshindo mkubwa ukivilaza haviinuki tena, mithili ya mpunga uliokanyagwa na tembo. Sikio la kushoto ndilo linaloumia zaidi kwa mtu anayepigia bega la kulia, maana kichwa kimelala na sikio la kushoto limeelekea mdomo wa bunduki. Akaniuliza kama nasikia mlio usiokatika. Nikamwambia kuna nyenje humo ndani, ameimba tangu Tunduru, hajawahi kunywa maji. Alicheka. Mimi sikucheka safari hii.

Sasa hicho kidude chako.

Kiwambo cha sauti mimi nilikijua kwa majangili. Tulikuta tembo watano wamelala bondeni, meno hayapo, na hakuna mtu wa kijiji aliyesikia hata mlio mmoja. Wanakijiji wakasema haiwezekani, askari wamezibwa masikio kwa mlungula. Afande akatuweka ndani siku tatu, mimi na Chande, kabla jangili mmoja hajakamatwa na bunduki yenye bomba la chuma mdomoni, bomba lililochongwa na fundi wa baiskeli. Siku tatu nimekaa sakafuni na watu wanapita dirishani wakiniita mwizi. Huyo Chande ndiye huyohuyo Baba Mkubwa Chande wa Ilford. Wewe unamjua kama mzee anayepiga kelele kwenye harusi na kutoka mapema. Wakati ule alikuwa mfuata nyayo bora kuliko wote wilaya nzima, na alikuwa anatembea mbele yangu.

Kwa hiyo mwezi uliopita niliporudi kazini nikakuta umetandika gazeti mezani, na juu yake bomba jeusi, nene kama mchi mdogo, nilirudi bondeni palepale.

"Hiyo nini?" nikakuuliza.

"Moderator, Baba. Ya rifle."

"Hiyo sailensa. Hiyo ni ya majangili."

"It doesn't silence anything. Inapunguza tu. Na iko kwenye certificate yangu, look."

Ukanionyesha karatasi. Ukajitahidi, sasa naliona hilo. Ukanieleza kwamba kinalinda masikio ya anayepiga na ya aliye naye, na ya mbwa. Kwamba bunduki haikupigi teke sana begani kwa hiyo unalenga vizuri na mnyama hateseki. Kwamba kulungu wengine hawajui mlio umetoka wapi, hawatawanyiki ovyo, na watu wanaoishi karibu na msitu hawashtuki vitandani. Ukasema hakuna simba wala chui huko, kulungu wanakula kila mche unaochipua, lazima mtu awapunguze, na huyo mtu ana haki ya kuzeeka akiwa anasikia.

Mimi nikakujibu, "Kwenye nyumba yangu hakai jangili."

Ukasema, "Then I'm glad I'm leaving." Hilo ulilisema ukiwa kulia kwangu. Nililisikia lote.

Sasa inabidi nirudi nyuma, kwenye lile jambo. Mwaka jana, ulipokuwa unahangaika na leseni, niliona fomu zako zilivyojaa meza. Barua ya daktari, watu wa kukudhamini, sababu ya kutaka bunduki, sababu ya kutaka hicho kiwambo, kwa jina la Kizungu nisilolijua wakati ule. Niliona kama wanakutukana. Kwetu mtu akiajiriwa anakabidhiwa bunduki siku hiyohiyo, anaambiwa asiipoteze. Kabati lilipoletwa wewe ulikuwa kazini, nikalipokea mimi. Ndani kulikuwa na funguo mbili zimebandikwa kwa gundi ya karatasi. Mmoja nikauacha. Mmoja nikautia kwenye shada langu la funguo, hapa kiunoni, pamoja na wa mlango, wa kibanda cha nyuma, na wa sanduku la mama yako.

Sikuona kosa. Kwa baba yangu hapakuwa na kufuli ambalo yeye hana ufunguo wake. Mtoto kufunga kitu ambacho mzazi hawezi kukifungua ilikuwa ni sawa na kumwambia humwamini. Hata mama yako ananijua, akinunua kufuli ananipa ufunguo wa pili kabla sijauliza.

Kisha akaja yule afisa wa leseni. Ulimkaribisha chai akakataa kwa adabu. Akakagua boliti, akatikisa kabati, akakuuliza funguo ziko ngapi. Ukamwambia mmoja, na ukauvuta kwenye mnyororo shingoni ukamwonyesha. Ulisema kwa moyo safi kwa sababu ndivyo ulivyojua. Akanigeukia mimi.

"And you, sir? Do you have any way into this cabinet?"

Somoe, shada lilikuwa kiunoni kwangu, chini ya sweta. Nikasema, "No."

Kwa nini? Nimejiuliza zamu nzima leo. Niliona mtu mgeni ananiuliza ndani ya nyumba yangu kama nina ruhusa ya kufungua kabati lililo ukutani kwangu. Nikaona nimdanganye tu aende zake. Sikufikiri kwamba uongo ule naufunga shingoni kwako, kwenye mnyororo uleule. Wewe ulitia sahihi kwamba hakuna mwingine mwenye ufunguo. Mimi ndiye niliyekufanya utie sahihi uongo.

Haya, na sasa baya kuliko hilo. Siku ya pili baada ya ugomvi wetu ulikwenda Hayes Town kufanya zamu yako ya mwisho dukani. Nikafungua kabati. Bunduki sikuigusa. Nilichukua kiwambo, nikakifunga kwa taulo la jikoni, nikakitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na dagaa na unga wa muhogo niliomwekea Chande, nikapanda treni ya Elizabeth line kwenda Ilford. Nilitaka Chande aseme mbele yako, kwenye simu, kwamba hiki ndicho kile cha bondeni. Nilijua mimi hunisikii, lakini mzee Chande utamheshimu.

Kituoni Ilford kulikuwa na polisi wawili na mbwa. Mbwa akaja moja kwa moja kwenye mfuko wangu. Polisi akacheka, akasema kitu kuhusu samaki, akamvuta. Mimi nami nikacheka, nikampita. Leo nikikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga kofi.

Chande alikuwa peke yake nyumbani kwa binti yake, Mwanaidi. Alikuwa amevaa vile vifaa vyake vya kusikia, masikio yote mawili. Nikakitoa kile kiwambo nikamwekea mkononi. Akakipima uzito, akakinusa, akakichungulia kama bomba la maji.

"Unakumbuka lile la bondeni?" nikamuuliza.

"Nakumbuka. Hiki kizuri zaidi. Kinafanya nini hasa?"

Nikamweleza yote uliyoniambia, kwa sauti ya kukuiga, kwa dhihaka. Masikio, teke, mbwa, kulungu. Akasogeza kiti karibu.

"Rudia hapo kwenye masikio."

Nikarudia.

"Kwa hiyo mshindo unapungua kwa aliyeshika bunduki."

"Ndivyo anavyosema Somoe."

"Na kwa aliyesimama mbele?"

Nikaanza kulikunja lile taulo la jikoni.

"Nimekuuliza, Bakari. Na kwa aliyesimama mbele yake?"

Ngoja nikuambie alichokuwa anauliza, kwa sababu hili sijakuambia wewe, sijamwambia mama yako, na Chande hajawahi kulisema mbele ya mtu. Kwenye majani marefu mtu hawezi kupiga magoti akaona kitu. Kwa hiyo nilikuwa naweka mtutu begani kwa Chande. Bega lake la kulia. Yeye anasimama kama nguzo, anaziba sikio moja kwa kidole akiwahi, mimi nalenga, napiga. Mdomo wa bunduki uko shibiri chache mbele ya shavu lake. Tumefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mara ya mwisho tembo jike alitugeukia kwenye mahindi, nikapiga mbili mfululizo, na Chande hakuwahi kuziba. Alikaa chini. Damu ilitoka sikioni ikashuka mpaka kwenye ukosi. Nikamwambia, "Utapona, usijifanye mtoto." Wiki iliyofuata nilimwambia Afande kwamba Chande amekuwa mzito, haitiki akiitwa. Wakamwachisha. Nikapewa mfuata nyayo mwingine.

Miaka yote hii tunakutana Idd na kwenye harusi, nampelekea dagaa, napiga kelele karibu na sikio lake, na watu wanasema tazama wazee hawa walivyopendana. Sikuwahi kumwomba radhi. Nilijiambia sote wawili tumeumia, ni kazi ya serikali, yaliyopita si ndwele. Maneno ya mtu mwongo.

Chande akakiweka kiwambo mezani, taratibu. "Kumbe kilikuwepo," akasema. "Majangili walikuwa nacho. Wanatuibia tembo, na masikio yao mazima. Sisi tunaolinda tunaambiwa pamba ni ya maiti. Na wewe umekileta hapa nikitemee mate?"

"Chande..."

Akachomoa kifaa cha kulia, akachomoa cha kushoto, akaviweka mezani kando ya kiwambo chako. "Sasa sema unachotaka. Sikusikii."

Nikasema. Nilisema nisamehe, kwa mara ya kwanza, kwa mtu aliyekwisha kutoa masikio yake akayaweka mezani. Alikuwa anatazama dirishani.

Mwanaidi akatukuta hivyo. Unajua yeye ni karani kwa mawakili. Alisimama mlangoni na koti lake, akatazama mezani, akatazama mfuko.

"Ba'mdogo, hiyo ni ya nani?"

"Ya Somoe."

"So why is it kwenye mfuko wako, na dagaa? Somoe anajua?"

"Mimi baba yake."

"Hapana, Ba'mdogo. Listen. Hiyo iko kwenye leseni ya Somoe, kwa jina lake. Hata kama angekuwa na mume, huyo mume asingeruhusiwa kukaa nayo. Wakikukamata hapo station hawataki habari za Tunduru. Wewe unakwenda ndani, na Somoe hatashika bunduki tena. Kazi hakuna, Scotland hakuna." Alikataa hata kukigusa. Akasema nirudi moja kwa moja, nisipite popote, nikirudishe.

Nimewahi kusimama mbele ya tembo bila kurudi hatua nyuma. Kwenye treni ile niliukumbatia mfuko kwa mikono miwili mpaka mama mmoja wa Kihindi akaniuliza kama nataka maji. Kila mlango ukifunguka nilimwona yule mbwa. Nilikirudisha kabatini, nikafunga, nikakaa bafuni. Uliporudi uliniuliza mbona macho mekundu, nikasema vitunguu. Wewe ukapika.

Hayo hujayajua mpaka leo. Ni swali la Chande lililonifanya niombe kuja nanyi kule msituni kwa Bi Margaret, wiki mbili zilizopita, na ukaniangalia kama mtu anayenusa maziwa ya juzi. Nilitaka kusikia mwenyewe. Watu wanaona kwenye filamu muuaji anapiga "fyu" na jirani haamki, na mimi nilitegemea hiyo "fyu". Haikuwa hivyo. Ulipiga, na mlio ulikuwepo, mkavu, risasi ikaichapa hewa mbele kama kiboko, mtu yeyote msituni angejua kuna bunduki. Lakini ule mshindo unaoingia kifuani na kukupasua kichwa haukuja. Mbwa wa Bi Margaret alikaa tu, ulimi nje. Kisha ukanigeukia, palepale, ukasema kwa sauti ndogo, "You okay, Baba?"

Nikakusikia. Tangu nishike bunduki sikuwahi kumsikia mtu akisema neno baada ya mlio. Tunduru tulikuwa tunaongea kwa mikono mpaka jioni. Nilikwenda nyuma ya mti, ukadhani baridi. Nilikuwa nalia kwa hasira, mwanangu. Nilikuwa na hasira na Afande, na yule mama wa mpunga, na wenzangu waliocheka, na mimi zaidi ya wote. Kilikuwa kitu cha kufunga kwa mkono, na hakuna aliyetuambia kipo ila wezi.

Sijasema kidude hicho ni malaika. Nilimsikia Bi Margaret akikuambia uvae vifuniko vya masikio hata kama kipo, na ukivue baada ya kupiga ukikaushe, maana unyevu unakila kwa ndani. Bunduki inakuwa ndefu na nzito mbele. Yote hayo unayajua kuliko mimi. Ninachokijua mimi ni kimoja: kazini atakuja mtu mwenye cheo, atakucheka kwa unachovaa masikioni. Ukitaka cheka naye, isikusumbue. Lakini usimwache akichomoe, na usije ukamcheka mwingine ili ufanane naye. Na mtu asisimame mbele ya mtutu wako. Hata akikuambia amezoea. Chande naye alisema amezoea.

Kuna siku uliniambia serikali inazungumzia kukitoa kiwambo kwenye leseni, kiwe rahisi kukipata. Wakitoe, nitawapigia makofi. Kwangu mimi haibadilishi kitu. Siku nilipokichukua kilikuwa chini ya jina lako, na hata kingekuwa kijiko cha chai, nilifungua kabati lako kwa ufunguo wa kuiba.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, kwa Kiingereza. Mwanaidi amenisaidia kuinyoosha. Inasema nilichukua ufunguo siku kabati lilipokuja, nilimdanganya afisa, nilikipeleka kiwambo Ilford na kukirudisha siku hiyohiyo, na wewe hukujua lolote. Nimetia sahihi. Huko Scotland inabidi uwape polisi anwani mpya, na huenda watakuuliza tena nani alikuwa na ufunguo. Usije ukasema uongo wangu mara ya pili bila kujua.

Mwanaidi anasema ukiipeleka wanaweza kuniita mimi. Anasema pia wanaweza kukunyang'anya leseni kwanza, waulize baadaye, na hiyo kazi isikusubiri. Sikufichi. Najua ninakutwika mzigo usiku wa kuondoka, na una haki ya kuvunja sahani zote za mama yako. Ningeweza kuipeleka mwenyewe leo nikitoka kazini, bila kukuambia. Nilifika mpaka kwenye ngazi za kituo cha polisi. Kisha nikaona huko nako ni kufungua kabati lako bila ruhusa. Nikarudi nyumbani kukuandikia. Ukisema tuipeleke, kesho nitaomba ruhusa kazini, tutakwenda pamoja, nitaongea mimi. Mama yako nitamwambia mwenyewe usiku huu. Hilo usilibebe wewe.

Jumamosi nakwenda Ilford. Sichukui dagaa. Nitamwomba Chande avae vifaa vyake kwanza, na asipotaka kuvaa nitakaa hapo mpaka atakapotaka.

Ufunguo nimeufunga ndani ya karatasi hiyo ya Kiingereza. Ni wa pili, na hakuna wa tatu. Nimekagua shada lote, na ule wa sanduku la mama yako nao nimeutoa, nitamrudishia.

Kesho nitakuwa nimesimama hapo mlangoni Bi Margaret atakapowasha gari. Usinipungie mkono dirishani. Shuka, uje upande wa kulia, uniambie ulilonalo, la kunisamehe au la kutonisamehe, kwa Kiingereza ukitaka. Upande huo bado nasikia.

Baba yako,
Bakari